Mwenyekiti Aliyekataa Kubebwa

Mniwie radhi kwa mwandiko wangu, na kwa makosa ya tahajia mtakayoyakuta humu. Niliacha shule kule Uvira baada ya darasa la sita, na tangu hapo kalamu nimeishika zaidi langoni, nikiandika namba za magari yanayoingia. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unakula jioni yangu nzima, na mdogo wangu ananicheka kwamba mimi siandiki, nachonga. Acha acheke. Nimechoka kusikia watu wetu, Wakongomani wa Yeoville hapa Johannesburg, wakisema kwamba yule mama mzungu wa sinagogi alikuwa kichaa. Nililinda lango lake miaka minne. Hakuwa kichaa. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake ulikuwa na kazi ya kufanya.

Jina lake sitalitaja, na kusema kweli hata mbele yake sikuwahi kulitamka. Wayahudi wa Johannesburg hawasemi sinagogi, wanasema shul, nasi wa mtaani tukafuata. Yeye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shul, basi kila mtu alimwita Mwenyekiti: mimi, wauza nyanya, wasusi wa saluni ya ng'ambo ya barabara, hata wale wasiompenda.

Alikuwa mwembamba, mgongo umeanza kupinda, na chini ya sketi zake ndefu alivaa raba nyeupe. Kichwani hakukosa kofia. Siku za kazi ilikuwa kofia ya sufu ya rangi ya majivu. Siku ya Sabato, yaani Jumamosi, alitoka na kofia kubwa zenye utepe na maua ya kitambaa. Wasusi walikuwa wakisimama mlangoni kuzikagua.

"Leo amevaa keki," mmoja aliwahi kusema.

"Ya arusi," mwingine akajibu. "Wiki iliyopita ilikuwa ya kipaimara tu."

Naye, asiyejua Kiswahili hata kidogo, aliwainulia mkono kama malkia, akavuka barabara bila kutazama magari. Teksi zilifunga breki. Madereva walimtukana kwa Kizulu, naye aliwajibu kwa Kizulu, maana hicho alikijua vizuri kuliko mimi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na amri ya kampuni ya ulinzi: kila anayefika umuulize jina lake, anamfuata nani, kisha ufungue begi lake uangalie. Nilikuwa na haya mno. Sikuweza kumtazama mtu usoni, nilitazama viatu. Nikaona raba nyeupe zimesimama mbele yangu, nikauliza, "Madam anakuja kumwona nani?"

"Mungu, kama ameshafika," akasema. "Na Madam anakaa Sandton, kwa matajiri. Mimi nakaa mitaa mitatu kutoka hapa. Umekunywa chai?"

Tangu siku hiyo nilimwita Mama, naye akaniita Mister. Alimwita kila mwanamume Mister, hata yule anayeombaomba kwenye robot, zile taa za barabarani za kona. Tulizungumza kwa Kiingereza, changu kikiwa cha kuokoteza, na hapa naandika maneno yake kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa. Wiki haikuisha akaniambia, "Mister, watu wana nyuso pia. Jaribu siku moja."

Shul yenyewe ilijengwa zamani, wakati Yeoville ilipojaa Wayahudi. Mbele kulikuwa na ngazi za mawe, pana, za kujivunia, kutoka barabarani hadi mlangoni. Ndani, ubavuni, kulikuwa na ngazi nyingine nyembamba za kupandia roshani. Desturi yao ni kwamba wanaume na wanawake hawachanganyiki wakati wa sala. Wanaume walikaa chini, wanawake walikaa juu, roshani. Enzi za wasichana wenye magoti mapya hilo halikuwa shida. Lakini vijana walihamia kaskazini mwa jiji, wengine Australia, na waliobaki Yeoville walikuwa wazee. Nilimwona kwa macho yangu mama mmoja akipanda roshani kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, kofia imemwangukia jichoni. Wengine waliacha tu kuja.

Mmoja wa walioacha alikuwa rafiki wa Mwenyekiti, aliyekaa Bertrams, chini ya kilima, upande wa uwanja wa Ellis Park. Ugonjwa wa sukari ulimpotezea mguu. Tangu usichana wao wawili hao walikaa bega kwa bega kwenye roshani ile. Sasa, Wayahudi wanapofungua Mwaka Mpya wao, hupigwa pembe ya kondoo dume ndani ya shul, na kuisikia pembe hiyo kwao ni jambo kubwa. Yule rafiki hakuwa ameisikia kwa miaka. Mwenyekiti akamwahidi kwamba Mwaka Mpya unaokuja ataisikia, tena ndani, amekaa katikati ya wenzake. Ahadi hiyo ndiyo iliyozaa vurugu zote.

Kwa sababu upande wa pili alikuwepo Mweka Hazina. Huyu alikuwa mzee mrefu, tai shingoni hata wakati wa joto, adabu tele. Alitaka jumba liuzwe kabla halijawaangukia. Na mnunuzi alikuwa tayari: kanisa letu la Wakongomani, lililokuwa likisali katika ukumbi wa kukodi juu ya duka la vitanda. Sasa mnaelewa kwa nini watu wetu wanamwita kichaa.

Niliwasikia wakibishana pale langoni, maana wote wawili hawakuwa na subira ya kufika ofisini.

"Hatuna watu," Mweka Hazina alisema. "Shul bila watu ni matofali."

"Watu tunao. Wako chini ya ngazi."

"Ngazi zilikuwepo kabla yetu."

"Hazikuota hapa kama majani. Kuna mtu alikaa akaamua. Na mimi nimekaa, nimeamua."

Mchungaji wetu alikuja siku moja kulipima jumba kwa hatua zake, ukuta hadi ukuta. Mwenyekiti alimtazama kutoka mlangoni. "Pima, Mister," akamwambia. "Kupima hakuna ubaya." Mchungaji alicheka kwa heshima. Alipotoka akanishika bega, akaniuliza kwa Kiswahili, "Wewe mtoto wetu, uko upande gani?" Nilitazama viatu vyake. Vilikuwa vimepigwa kiwi vizuri.

Mpango wa Mwenyekiti ulikuwa hivi. Nje, ubavuni mwa ngazi za mawe, ujengwe mteremko wa zege ambao kiti cha magurudumu kinaweza kuupanda. Mlango wa mbele upanuliwe. Ndani, wanawake washuke: viti vyao viwekwe chini, upande mmoja, na kati yao na wanaume kiwepo kizuizi cha mbao chenye matundu, ili desturi ibaki na magoti yapumzike. Choo kipya, kipana. Halafu akaongeza mambo ambayo kamati haikuyatarajia: benchi nje ya lango, na bomba la maji kando yake, kwa yeyote anayepita.

Msimamizi wa kampuni yangu alikuja akaliona benchi. "Hili litaleta watu wa kukaakaa," akalalamika.

"Ndiyo kazi ya benchi," Mwenyekiti akajibu.

Na mimi akanibadilishia amri. Nisianze kwa kumuuliza mtu anataka nini. Nianze kwa kumsalimu.

"Hata mwizi?" nikauliza. Tangu lile la siku ya kwanza, sikuwa nimemuuliza swali.

"Hasa mwizi. Atajua umeuona uso wake."

Alifurahi sana kwamba nimefungua mdomo, akaniletea kipande cha keki ya asali.

Kuhusu choo ndiko alikoshambuliwa zaidi. Kilipokamilika, aliwaruhusu wanawake wanaouza nyanya na mahindi kando ya barabara wakitumie, kwa mlango wa pembeni. Mweka Hazina akaja, uso umemwiva. "Hii ni nyumba ya sala," akasema. Mwenyekiti akamuuliza, "Na anayesali akibanwa, aende wapi?" Mweka Hazina akarekebisha tai yake, akarudi garini.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na mdomo. Aliwachukia njiwa wa paa la shul kana kwamba walimkosea yeye binafsi. Hakuweza kumvumilia mtu anayeimba ovyo, na aliwahi kumwambia mwanakamati mmoja katikati ya wimbo kwamba Mungu ana masikio. Neno asante lilimtoka kwa shida. Alivuta sigara nyuma ya ukumbi, na daktari wake alipopita akasikia harufu, Mwenyekiti akanionyesha kidole: "Ni huyu Mister." Mimi sijawahi kuvuta.

Jambo lililonishangaza kuliko yote ni kwamba yeye mwenyewe alikaa ghorofa ya tatu, katika jengo ambalo lifti yake ilikufa siku nyingi. Nilimpelekea mkate mara moja, nikafika juu nahema. Nikamuuliza kwa nini hahami, yeye anayepigana na ngazi za wengine.

"Kwa sababu wanangu walioko Australia ndicho wanachotaka," akasema, akapokea mkate.

Sikuona mantiki hapo, na bado siioni. Lakini nimeshakutana na watu wenye mantiki wengi ambao hawakujenga kitu.

Aliyejenga mteremko alikuwa fundi wa Bukavu, mwanamume mfupi mwenye sauti kubwa, Msabato wa kuzaliwa. Hilo la Usabato lina maana, kama mtakavyoona. Siku ya kumwaga zege ilikuwa Ijumaa, na Mwaka Mpya ulikuwa umekaribia sana. Asubuhi kila kitu kilikwenda sawa. Mchana umeme ukakatika, mashine ya kuchanganya zege ikanyamaza. Wakachanganya kwa koleo. Jioni ilipoingia mteremko ulikuwa umefika nusu, na jua lilikuwa limeshaanza kujificha nyuma ya maghorofa ya Hillbrow.

Sabato ya Wayahudi huanza Ijumaa jua linapozama, na kazi zote husimama. Ya Wasabato vilevile. Lakini vijana wa fundi hawakuwa Wayahudi wala Wasabato, na walitaka kuendelea, maana zege lililokauka halishikani vizuri na zege jipya. Mweka Hazina alikuwepo. Hakuutaka mteremko, ila alichukia zaidi kitu kibovu mbele ya shul.

"Waache wamalize," akasema kwa sauti ya chini. "Wao si Wayahudi. Nani ataona?"

"Mimi nitaona," Mwenyekiti akasema. "Siwezi kuwafungulia watu mlango wa Mungu kwa kuvunja siku yake."

Fundi akaweka koleo chini. "Mama, hata mimi nilikuwa natafuta namna ya kukwambia," akasema kwa Kiingereza chake. "Jua likizama, mimi ni wa Bwana."

"Basi tuko wawili."

"Eish," kijana mmoja wa fundi akanung'unika kwa Kiswahili. "Mabosi wawili, Mungu mmoja, na zege linakauka."

Mwenyekiti alitaka kujua amesema nini. Nikamtafsiria. Alicheka mpaka akakohoa, akamtuma yule kijana kwenye spaza, kile kiduka cha kona, akanywe soda kwa hesabu yake kabla jua halijazama.

Wakaifunika kazi kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Jumamosi nzima ilikaa hivyo, na waliokuja kusali walipita kando yake. Jumapili asubuhi fundi aliukwaruza ukingo, akaumwagia uji wa saruji, akaendelea. Mstari wa kiungo unaonekana hadi leo. Mweka Hazina alipouonyesha kwa fimbo yake, Mwenyekiti alisema, "Hapo ndipo tulipopumzika."

Jumapili hiyohiyo fundi akafanya kosa lake, nalo lilikuwa kosa la mapenzi. Mteremko lazima ukwaruzwe ungali mbichi, ili mtu asiteleze. Badala ya kuchora mistari, yeye kwa ncha ya mwiko akachora nyota ya Wayahudi, ile yenye pembe sita, nyota baada ya nyota, kuanzia kwenye kiungo hadi mlangoni. Alitaka kuwaheshimu. Jumatatu kamati ikaja, ikasimama ikizitazama.

"Tuzikanyage?" mmoja akauliza. "Nyota zetu, kwa viatu?"

Fundi akanywea. Akasema anaweza kuleta mashine azisage zipotee. Mwenyekiti akapanda mteremko taratibu, raba zake juu ya nyota, akageuka, akashuka.

"Sitelezi," akasema. "Afadhali ikanyagwe na watu wanaoingia kuliko ining'inie juu ya mlango wasioweza kuufikia."

Nyota zikabaki.

Mwaka Mpya ukafika. Siku hiyo hawapandi magari, na Mwenyekiti alikuwa amepanga kila kitu mapema. Mlinzi mwenzangu akashika lango, mimi na fundi tukashuka Bertrams kumchukua yule rafiki. Alikuwa mama mnene, mcheshi, kofia ya zambarau. Tulimsukuma kwa zamu kupanda kilima. Kwenye robot moja fundi alitaka kuvuka taa ikiwa nyekundu, kwa kuwa hakukuwa na gari.

"Mister," yule mama akasema, "nimengoja miaka. Kijani naweza kuingoja."

Tulipofika, Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, juu. Nikataka kusukuma. "Ondoa mikono," yule mama akaniambia. Akayashika magurudumu mwenyewe, akapanda, akasimama kwenye kiungo akihema, akaendelea juu ya nyota. Wasusi walikuwa wametoka nje, wengine bado wameshika vitana. Mama akaingia.

Shida ilikuwa ikimngoja ndani. Mweka Hazina na wazee wawili, walipoona wanawake wamekaa chini, japo nyuma ya kizuizi, walisimama wakatoka. Walisema baba zao hawakusali hivyo. Sheria yao ni kwamba lazima wawepo wanaume kumi, la sivyo hawawezi kukitoa kile kitabu kitakatifu cha ngozi na kukisoma, na baadhi ya sala hazisomwi. Wale watatu walipotoka walibaki tisa.

Mweka Hazina alikuja kusimama karibu nami. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona huzuni. "Nenda ukamwambie," akasema. "Wanawake wapande roshani, nasi tutarudi. Yule wa kiti anaweza kukaa hapa barazani. Atasikia."

Nilipanda na maneno hayo mdomoni kama dawa chungu. Nikamwinamia Mwenyekiti, nikamnong'oneza. Rafiki yake alikuwa kando yake, akasikia. Akashika magurudumu.

"Nitatoka," akasema. "Mwaka Mpya bila kitabu kusomwa, kwa sababu ya mguu wangu? Sitaki."

"Utakaa hapo ulipo," Mwenyekiti akamwambia. Kisha akanigeukia. "Mister, kamwambie mlango tumeupanua. Hata yeye anapita."

Nikampelekea Mweka Hazina maneno hayo kama yalivyo. Hakuingia. Ndani wakangoja, macho mlangoni, muda ukapita, na kitabu hakikusomwa siku hiyo. Nataka mlijue hilo, kwa sababu watu wakisimulia habari hii huliruka. Lilimgharimu. Wapo waliomwambia usoni kwamba amewaharibia Mwaka Mpya, na alirudi nyumbani na neno hilo.

Lakini pembe haihitaji wanaume kumi. Mzee mwenye pembe alisimama akaipiga. Mimi nilikuwa nimerudi langoni. Sauti ilitoka kama ya mnyama anayeita wenzake, fupifupi, halafu moja ndefu ambayo nilidhani haitakwisha. Mweka Hazina, pale nje, alivua miwani akafumba macho. Ilipokwisha akaivaa tena, akanitakia siku njema, akaenda zake kwa miguu.

Jumamosi iliyofuata alirudi, akakaa mahali pake pa kawaida, na wanawake wako chini. "Sijabadili mawazo," akaniambia alipokuwa akipita. "Nimekuja kusali." Rafiki wa Bertrams naye aliendelea kuja mpaka mwaka aliofariki. Wengine wakaanza kurudi: mzee mmoja kipofu, mama mwenye mapacha kwenye kigari, wazee waliokuwa wakisalia majumbani. Nimesikia watu wakisema shul ilijaa. Haikujaa. Ilikuwa na watu, basi.

Baadaye kampuni ilinihamishia Marshalltown, kwenye jengo lenye ofisi za mawakili. Zaidi ya mwaka ulipita bila kumwona Mwenyekiti. Asubuhi moja dereva wa teksi ndogo alisimama mbele ya jengo, akafungua buti, akatoa kiti cha magurudumu. Akamkalisha mtu ndani yake. Alikuwa yeye.

"Nyonga," akasema kabla sijauliza. "Ilivunjika wakati wa baridi. Usinipe pole, nina kikao."

Mambo yalikuwa haya. Kamati ilikuwa imerudia habari ya kuuza. Kwa kanuni zao, jumba haliuzwi mpaka wanakamati wote wakubali, na asiyefika kikaoni anahesabiwa kuwa amekubali. Kikao kilikuwa asubuhi hiyo, saa nne, kwa wakili wa ghorofa ya kwanza. Na jengo letu, pamoja na vioo vyake na marumaru yake, lilikuwa na ngazi mbele. Lifti ilianzia juu ya ngazi hizo.

"Tutakubeba, Mama," nikasema. "Mimi na mwenzangu wa maegesho. Ni dakika moja."

"Hapana."

"Nyuma kuna lifti ya mizigo, unapitia maegesho."

"Inabeba nini?"

"Karatasi, maji ya ofisi. Juzi walipandisha friji."

"Basi iendelee na mafriji. Mimi ni mwenyekiti. Kikao kiko hapa."

Nikamwambia saa nne inafika, watamhesabu kuwa amekubali, na kila alichojenga kitauzwa kwa sababu ya ngazi chache na kiburi. Ndiyo, nilitumia neno kiburi. Sijui lilitoka wapi. Hakukasirika.

"Nikibebwa leo," akasema, "nitakuwa nimewaambia kwamba watu wanabebeka. Kesho watasema, mteremko wa nini, si tutawabeba."

Hakukuwa na mwingine wa kupanda kuwaambia. Amri ya kazi ni kwamba mlango hauachwi. Niliuacha. Nikapanda hadi chumba chenye meza ndefu. Wanakamati walikuwa wameshakaa, Mweka Hazina kati yao, na wakili kijana alikuwa akiangalia saa yake.

"Mwenyekiti yuko chini," nikasema.

"Mwambie amechelewa," wakili akasema bila kuinua kichwa. "Tunaanza."

"Hajachelewa," nikasema, nikimtazama mpaka akainua kichwa. "Alifika kabla ya saa nne. Kikao ndicho hakijafika kwake."

Wakili akaniuliza jina la msimamizi wangu. Kabla sijajibu, Mweka Hazina alisukuma kiti chake nyuma, akatafuta fimbo.

"Mimi nataka jumba liuzwe," akasema, "na nitalisema mbele yake. Simshindi mtu kwa kumwacha chini ya ngazi. Tushuke."

Wakashuka. Kikao kilifanyika kando ya barabara, kati ya mama anayechoma mahindi na kijana anayetengeneza simu. Mama wa mahindi aliwatolea wazee makreti yake ya kukalia. "Kaeni, babu," akawaambia kwa Kizulu, "mahindi bado hayajaiva." Wakili alisimama na faili lake, upepo ukimgeuzia kurasa, akawauliza mmoja mmoja kwa sauti ya kushindana na honi za teksi. Huyu anakubali. Huyu anakubali. Mweka Hazina alisema anakubali, wazi, akimtazama Mwenyekiti. Zamu ikamfikia yeye.

"Nakataa," akasema.

"Sababu?" wakili akauliza.

"Jumamosi nina watu wanakuja."

Wakili akafunga faili. Kwa kanuni zao mmoja alitosha. Mweka Hazina akainuka kutoka kwenye kreti kwa shida, akamuuliza Mwenyekiti kama ana usafiri wa kurudi. Hakuwa nao. Waliondoka pamoja kwa gari lake, na walikuwa wameshaanza kubishana kabla mlango haujafungwa.

Kampuni ilinifukuza wiki hiyo kwa kuacha mlango. Sasa nachanganya zege kwa yule fundi wa Bukavu, na kazi naipenda. Mwenyekiti alifariki mwaka huu. Nilisimama nyuma kabisa kwenye mazishi, pamoja na wauza nyanya wawili na msusi mmoja.

Na sasa nasikia kamati itakaa tena. Watu wa kanisa langu wananiambia kwa furaha kwamba aliyekuwa akikataa hayupo. Mimi nitakwenda kwenye kikao hicho. Sina kiti mezani, nitasimama mlangoni, lakini sitaki kusimama peke yangu. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaosoma: kama uliwahi kuupanda mteremko ule, au mama yako aliupanda, au ulikunywa maji ya bomba lile ukakaa kwenye benchi, niandikie. Kama mahali unaposali kuna mtu aliyebaki chini ya ngazi, niandikie habari zake pia. Nitazisoma zote mbele yao, hata kama itachukua siku nzima, maana nasoma polepole kama ninavyoandika. Msikae kimya mkidhani wengine wataandika. Kwa kanuni zao, asiyefika anahesabiwa kuwa amekubali.